Mjane wa Mokua na Swali Lake

Pikipiki iliwashusha kwenye njia ya udongo mwekundu, kati ya migomba na michai ya Ekerenyo. Adhis, binti wa ziwani, hakuwahi kufika huko. Nyangate aliolewa huko. Wote wawili walikuwa wakisomea uzamili wa sheria ya haki za binadamu mjini Kisii, na tasnifu ya Nyangate ilihusu ardhi ya wajane. Mwenyewe alikuwa mjane tangu mumewe, Mokua, afariki mwaka juzi.

Wa kuhojiwa alikuwa mzee Ombui, baba mkwe wake. Lakini chinsoni, miiko ya heshima ya Wagusii, haimruhusu mkaza mwana kumwuliza baba mkwe mambo ya uzazi. Ndiyo maana Adhis aliletwa. Nyangate alipita moja kwa moja hadi jikoni, ng'ambo ya ua, akaketi peke yake karibu na dirisha.

"Nyinyi watu wa samaki mnauliza kama polisi," mzee alicheka barazani, akimsogezea Adhis chai.

Alijibu yote bila kusita, hadi swali la mwisho.

"Baba, na mjane ambaye hakujaliwa mtoto? Nyumba inabaki yake?"

Kicheko kilikatika. Ombui aliangalia dirisha la jikoni.

"Hiyo swali ni ya kitabu ama ni ya Nyangate?"

"Ni ya vyote viwili, baba."

"Basi mwambie nyumba ya Mokua ni yake. Lakini nyumba haikai bila moto. Aache hiyo masomo, arudi aishi hapa. Akikataa, Gibson ataingia." Gibson ni mdogo wake Mokua.

"Sheria haisemi hivyo."

"Sheria itakuja kumjulia hali asubuhi?"

Nyangate alikuwa amesikia kila neno. Darasani angetaja vifungu vya Katiba bila kukwama. Hapa alitoka jikoni akasimama uani, uso ameuelekeza kwenye michai.

"Adhis, mwambie baba nimeshukuru. Masomo nitayamaliza. Nyumba imefungwa, na ufunguo naenda nao."

Adhis aliinuka.

"Kaa, mama. Maliza chai," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Nyangate amekula?"

Adhis hakujua. Nyangate alikuwa ameshafika njiani, hana wa kumsindikiza.