Mrina Asali wa Dirishani

Nisikilize, mwanangu. Nikinusa nta ya nyuki, narudi chini ya dirisha la vioo vya rangi kanisani kwetu. Pale palichorwa mtakatifu mwenye mzinga wa nyuki miguuni. Baba, mrina asali, alimwita "mwenzangu", nami niliamini ametoka Sikonge, kama sisi.

Jumapili ile, lori la kutuhamishia kijiji cha ujamaa, mbali na msitu, lilikuwa likinguruma nje. Baba alisimama dirishani, uso mwekundu kwa mwanga wa kioo.

"Baba watoto, twende," mama alisema.

"Mwenzangu hahamishwi. Mzinga wake anao. Mizinga yangu namwachia nani?"

"Waachie nyuki."

Tukapanda lori. Hatukurudi kule tena.

Ukipita msituni ukakuta mzinga mkuukuu mtini, usiuteremshe.