Jumapili ya Tatu Iliyoachwa Tupu

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kudhani kwamba majina mawili yakishaandikwa katika kitabu cha kanisa, ndoa imekwisha fungwa. Kwetu sisi Waislamu kinachoandikwa ni akdi iliyokwisha pita. Sikujua kwamba Wakristo wana kitabu kingine, cha ndoa ambazo bado hazijafungwa. Hakuna aliyenifundisha kazi hii ya kufuatilia nasaba. Nimejifunza mwenyewe, chumbani kwangu Al Khuwair, huku Oman, na kila nilichokijua nilikijua nusu.

Nilikuwa natafuta habari za mama yake bibi yangu. Alilelewa na wamisionari Unguja, akasilimu, akaolewa na mtu aliyetoka Oman. Bibi mwenyewe ndiye aliyenipa jina lake la ubatizo, kwa sauti ya chini, kama anayenikabidhi amana. Mtunza daftari wa parokia moja huko akanitumia picha ya ukurasa kwa simu. Nilipoliona jina lile kando ya jina la seremala nisiyemjua, niliamini nimempata mume wake wa kwanza. Nikauchora mchoro wa ukoo upya, mara sita, kwa sababu mistari haikuninyookea, na Ijumaa baada ya chakula nikausoma mbele ya jamaa wote, nyumbani kwa bibi, mtaa wa Wattayah.

"Kumbe bibi yangu alikuwa na mume wa kwanza!" alisema mjomba, mtoto wa bibi, ambaye hakosi mzaha. "Haya, alimwacha lini huyo? Na eda alikaa wapi?"

Watu walicheka. Bibi hakucheka. Ikiwa hapakuwa na talaka, ndoa ya wazazi wake ilikuwa ndoa gani, na yeye alikuwa mtoto wa nini? Mjomba alilifahamu hilo akiwa wa mwisho, akakirudisha kijiko cha halua sahanini.

"Mama yangu hakuwa na mume ila baba yangu," bibi alisema, akinitazama mimi. "Nnakwambia wewe, uliyesoma."

Nilimwomba mtunza daftari anitafutie kitabu cha ndoa cha miaka hiyo. Akajibu kwamba kimeliwa na mchwa.

Siku chache baadaye, dada kutoka Uganda anayemsaidia bibi kazi za nyumbani alinikuta jikoni nikiitazama tena ile picha. Ni Mkristo. Akachungulia begani mwangu.

"Kaka, hii si harusi. Haya ni matangazo. Kwetu padri anasoma majina Jumapili tatu, mwenye pingamizi aseme. Ona, hapa wamesoma mbili. Ya tatu iko wapi?"

Safu ya tatu ilikuwa tupu. Nilikuwa nimeiona mara nyingi, nikadhani mwandishi alisahau.

"Kwa hiyo hawakuoana?"

"Sasa mimi nitajuaje? Labda mtu alisimama akakataa. Labda bibi arusi alikimbia. Angekuwa mimi, mbona ningekimbia!" Akacheka, akarudi kwenye vyombo vyake.

Nilikwenda moja kwa moja sebuleni kwa bibi. Nikamweleza Jumapili tatu, safu tupu, na mchwa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo hakuwa mumewe."

Alikuwa anaomba neno moja tu. Lakini nilikifikiria kile kitabu kilicholiwa, nikafikiria kwamba huenda tangazo la tatu lilisomwa bila kuandikwa, nikaogopa kukosea mara ya pili.

"Inaelekea hakuwa, bibi," nilisema. "Uthibitisho kamili sina."

"Inaelekea," akarudia. Akauweka sawa mtandio wake, akaniambia nimpe dawa zake.

Nilimpa. Nikasimama pale na glasi ya maji, nikitafuta namna ya kulirudisha neno langu hilo, nisiipate.

Siku hizi karatasi yoyote ninayoipata namwonyesha kwanza mwenyewe inayemhusu, tena faraghani. Mjomba hatanii tena habari hiyo. Bibi ananipokea kila Ijumaa kama zamani, lakini habari za mama yake hanipi.