Panga Lililopita Nyumba Tisa

Jumatatu, tarehe tisa Juni, saa nne asubuhi, shule ikiwa imefungwa, nilikuwa mezani kwangu Kayanga nikisahihisha ukurasa wa mwisho wa historia ya kijiji chetu, Mama aliponipigia simu. Sikupata hata nafasi ya kumwamkia.

“Migomba inanyauka,” alisema. “Ile uliyoileta, na yangu pia.”

Historia hiyo niliombwa na mwenyekiti wa kijiji. Alitaka kurasa chache za kuweka ofisini, ili mgeni akifika ajue yuko wapi: kijiji kidogo juu ya mgongo wa kilima, kando ya barabara ya vumbi iendayo Nyakakika, makanisa mawili, la Kilutheri na la Kikatoliki, yanayotazamana kama wake wenza, ghala la kahawa ambalo bati lake limeshika kutu upande wa mvua, chemchemi iliyo bondeni, na rweya, uwanda wa nyasi ambako kila nyumba hukata matandazo ya kibanja chake, shamba la migomba linaloizunguka. Hayo niliyajua tangu utotoni. Nilichokosa ni miaka, na hakuna aliyeweza kunipa. Kila nilipouliza familia fulani ilifika lini, nilijibiwa migomba yao ilitoka kwa nani. Kwetu mtu akianza kujenga huenda kwa baba yake, au kwa jirani aliyemtangulia, akaomba machipukizi. Na aliyempa halisahau jambo hilo, wala hamwachi mwenzake asahau.

“Andika vizuri, mwalimu,” aliniambia mzee mmoja aliyekuwa jirani wa marehemu baba. “Andika kwamba ndizi za enchoncho za kwenu zilitoka hapa. Baba yako alikuja kuziomba amepiga magoti.”

Mkewe akadakia kutoka jikoni. “Mwongo huyo! Usimwandike. Yeye ndiye aliyekwenda kwenu na mtungi wa pombe ya rubisi, akarudi na machipukizi mawili, na mtungi hatujauona hadi leo.”

“Basi andika yote mawili,” alisema mzee, “msomaji atachagua.”

Nilirudi kwa Mama nikicheka, na wazo likanijia njiani. Kama migomba ndiyo kumbukumbu ya kijiji, kwa nini nisiikusanye? Ningechukua chipukizi moja katika kila nyumba ya zamani, nyumba tisa kwa jumla, na kuyapanda kwa mstari sehemu ya chini ya kibanja cha Mama, kwa kufuata nani alimpa nani. Mama alinitazama nikitafuta panga lake.

“Watu hukusanya mahari,” alisema, “wewe unakusanya migomba. Haya, nenda. Lakini panga langu lirudi.”

Ulikuwa mwezi wa Machi, ardhi imelainika. Kwa siku mbili nilizunguka na panga lile moja. Nilipokelewa vizuri kila nilipofika. Nilipewa kahawa za kutafuna, nikatandikiwa mkeka, kisha nikapelekwa kibanjani kuchagua. Nilichimbua, nikakata mizizi na majani kwa panga, nikaaga, nikaenda nyumba inayofuata.

Nilijua kuhusu mnyauko. Sitaki kujificha nyuma ya ujinga ambao sikuwa nao. Bango lake lilibandikwa kwa muda mrefu katika ofisi yetu ya walimu, nami nilikuwa nimewaeleza wanafunzi kwamba panga lililokata mgomba mgonjwa lipitishwe motoni kabla halijagusa mwingine. Lakini darasani hakuna mwenye nyumba. Kuomba moto ili uchome panga mbele ya mtu aliyekupa chipukizi ni kumwambia kwamba kwake kuna ugonjwa, na kwamba umeogopa zawadi yake. Watu wa kwetu hawafanyi hivyo. Mimi, niliyesoma hadi chuo, nilijikuta ni mtu wa kwetu kuliko nilivyodhani.

Katika nyumba ya sita niliona jani changa lililogeuka njano na kukunjika. Mama mwenye nyumba aliona macho yangu yalikokuwa.

“Jua tu hilo, mwanangu.”

“Naona, mama,” nikajibu. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo.

Nikachimbua chipukizi lake, nikashukuru, nikaenda nyumba ya saba.

Panga nililirudisha kama nilivyoagizwa. Mama alilitumia kupogolea majani makavu, shina baada ya shina, kama alivyofanya kila juma maisha yake yote.

Siku ile ya simu nilifika kwake jioni, na asubuhi yake alikuja bwana shamba, kijana mpole ambaye hakupenda kukaa. Alikata shina moja, tukasubiri. Haukupita muda, ute wa njano ukatoka pale alipokata. Akapasua ndizi iliyoiva kabla ya wakati wake. Ndani ilikuwa na rangi ya kutu.

“Mlikuwa mnachoma panga, bibi?” alimuuliza Mama.

“Panga langu halitoki nje ya kibanja hiki,” Mama alijibu kwa kujiamini, kama aliyeisahau safari yangu ya Machi.

Nikasema kwamba lilitoka. Nikasema lilikokwenda. Mama hakunigeukia, aliendelea kuitazama ndizi iliyopasuliwa.

Ilichukua siku tatu kung’oa. Tulianza na mstari wangu, kisha migomba iliyoonyesha dalili, kisha iliyopakana nayo, hadi nyumba ikaonekana kutoka barabarani, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mama aliishi kwa kibanja hicho. Kilimlisha, kilimpa cha kuuza, kilimpa mkungu wa kubeba kwenye msiba. Sasa ilibaki migomba michache karibu na choo, na hata hiyo bwana shamba hakutuahidi. Nilimwomba aje nikae naye Kayanga.

“Nikae nikifanya nini? Nikikuangalia unasahihisha madaftari?”

Nilipomwambia kwamba lazima majirani waelezwe, ndipo aliponishika mkono.

“Usiwaambie. Watasema mimi ndiye niliyekutuma. Watasema ugonjwa umetoka kwa mjane. Bwana shamba atapita kwao, ataona mwenyewe. Wewe una kwako pa kurudi, mwanangu. Mimi nikiugua, nani atavuka hiyo njia kuja kunitekea maji?”

Kunyamaza kulimlinda Mama na kuziacha nyumba tisa zikipogoa bila kujua. Bwana shamba alikuwa na kata nzima ya kuzungukia, na pikipiki yake ilikuwa mbovu. Nilisubiri juma la kwanza, la pili, la tatu. Katika juma la nne niliandika, bila kumwambia Mama.

“Ndugu Mwenyekiti,

Salamu kutoka Kayanga. Historia uliyoniomba haijakamilika, na leo siiambatanishi. Ninakuomba badala yake usome barua hii katika mkutano wa kijiji.

Mwezi Machi nilichukua machipukizi katika nyumba tisa kwa panga moja, bila kulipitisha motoni. Nilianza nyumba iliyo juu ya chemchemi, nikafuata njia ya ghala la kahawa, nikapanda hadi makanisani, nikamalizia nyumba ya mwisho kabla ya rweya. Kibanja cha mama yangu kimeugua. Sijui ugonjwa ulianzia wapi, na sitamtaja mtu kwa kukisia. Ninajua tu kwamba kila nyumba niliyoingia baada ya ile ya kwanza iko hatarini kwa mkono wangu.

Ninaomba kila mmoja akague majani machanga, na achome panga kabla ya kuhamia shina jingine, hata kama ni shamba lake mwenyewe.

Mama yangu hakunituma, na hajui kwamba nimeandika. Atakayekuta mgomba umenyauka asiende kwake. Namba yangu ya simu unayo. Tafadhali uwape wote.”