Nafasi ya Mukhwana

Cheka ukitaka, sikukatazi. Hata mke wangu alicheka. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, jua bado liko, nikiwa nimeshiba kuku na sijaonja hata tone la pombe ya busaa.

Ilikuwa harusi mtaani Shieywe, miaka ya tisini. Mpiga picha nilikuwa mimi, na siku hiyo nilikuwa ninaringa kwelikweli. Dada yangu alikuwa ameniletea kamera kutoka Nairobi, ya kisasa, ile inayojitafutia shabaha yenyewe. Ila ilikuja bila lenzi. Basi nikaipachika lenzi yangu kuukuu, ya kuzungusha pete kwa mkono mpaka sura ya mtu itoke kwenye ukungu. Walipatana ajabu, mzee na kijana. Sura ikishakuwa wazi, kijitaa cha kijani kinawaka ndani ya kitundu cha kuchungulia. Kijitaa hicho kilikuwa hakijawahi kunidanganya.

Bibi harusi aliitwa Mulongo. Ukisikia Mulongo, jua huyo ni pacha, na kuna Mukhwana aliyemtangulia kuzaliwa. Mukhwana wake alikufa kwa surua wakiwa wadogo, kule Lumakanda, na hakuwahi kupigwa picha hata moja. Mama yao alikuwa ameanza kuisahau sura yake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliniambia haya yeye mwenyewe jioni ile, nilipomsimamisha bibi harusi katikati ya ua.

"Toa yeye hapo katikati," akaniamuru. "Asogee. Wacha nafasi ya mwenzake."

"Mama, picha itaenda upande."

"Wacha iende. Huyo mtoto alikuwanga anasimama kushoto ya huyu. Hata kula, kushoto."

Nani abishane na mama wa bibi harusi? Nikamsogeza Mulongo. Jua lilikuwa linazama, na betri za flashi zilikuwa zimeishia kwenye densi, kwa hiyo nikaiweka kamera juu ya kreti za soda, nikachungulia.

Nikazungusha pete. Mulongo akawa wazi, kijani kikawaka. Sawa. Lakini mkono ukateleza, pete ikarudi kidogo, Mulongo akazama kwenye ukungu, na kijani kikawaka tena. Kwa nani? Nikatazama ile nafasi tupu. Niamini, haikuwa tupu. Alisimama msichana mwenye sura ile ile ya Mulongo, amevaa gauni la kitenge, hatua moja mbele ya mwenzake, ananitazama kama mtu aliyechelewa harusini na hataki kusemwa.

Nikaondoa jicho kwenye kitundu. Bibi harusi yuko peke yake. Nikarudisha jicho. Wako wawili.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilitaka kukimbia. Halafu yule msichana akanyoosha mkono, akamtekenya Mulongo shingoni. Mulongo, ambaye haoni kitu, akaruka. "Nani ananitekenya?" Akacheka, na yule naye akacheka, na hofu yangu yote ikaisha pale pale. Sijawahi kuona watu wawili wamefurahi vile. Hata mimi nilijikuta ninacheka peke yangu nyuma ya kreti.

Shida sasa ikawa moja. Nikimweka mmoja wazi, mwingine anayeyuka. Kamera ingeachiwa ijiamulie, ingemchukua aliye hai na kumaliza kazi. Lakini lenzi yangu ina pete ya pili, ya kubana tundu la mwanga. Ukilibana sana, wa mbele na wa nyuma huwa wazi pamoja. Ila mwanga unaoingia ni kidogo, kwa hiyo kamera lazima ikae imefumbua jicho kwa muda. Mtu akitikisika, kwisha. Na giza lilikuwa linaingia. Sikuwa na nafasi ya kurudia.

Nikabana mpaka mwisho. "Mulongo, usitikisike! Hata kupumua, ngoja kwanza!" Kwa yule mwingine nikasema kimoyomoyo: na wewe pia, dada yangu, tafadhali. Nikabonyeza.

Filamu ilipooshwa, nilimpelekea mama picha yake. Akaishika, akaitazama, akakaa chini kwenye nyasi na nguo zake za kanisani. Nikadhani nimemuua mama wa watu. Kumbe anacheka, na machozi yanamtoka.

"Mukhwana wangu," akasema. "Ona! Amepita Mulongo kwa urefu. Mimi nilikuwanga najiuliza, huyu angekuwa mrefu namna gani?"

Akawaita majirani waje wamwone binti yake alivyokua. Ingokho, kuku wa mgeni, akachinjwa, na siku hiyo sikuruhusiwa kuondoka.

Leo kamera yangu ni ya dijitali, na vijana wenzangu wa kazi hunicheka nikiipachika lenzi ile ile ya pete. Wacha wacheke. Siwezi tena kuiachia mashine ichague nani aonekane. Huzungusha polepole, kutoka karibu mpaka mbali, na mara nyingine kijani huwaka pasipo na mtu.

Kwa hiyo ukija kwangu kupigwa picha, ukiona ninatabasamu nikitazama kando yako, nakuonya: usigeuke. Tulia tu. Huyo mwenzako kutulia amezoea. Wa kuiharibu picha ni wewe.