Mashine Isiyojua Salamu

Kununua ndagala, yaani dagaa, kwa Mama Émérance, pale sokoni Mulongwe hapa Uvira, kunataka muda. Kwanza atakuuliza umeamkaje, nyumbani wameamkaje, na yule mtoto aliyekuwa na malaria anaendeleaje. Mimi ni jirani yake huku mtaani Songo, na nimeshachelewa kazini kwa sababu tu nilipita mbele ya mlango wake.

Basi chama cha wanawake wauza ndagala kilipompa ukatibu na kuiweka anwani yake ya barua pepe kwenye tovuti yao, tabia hiyo ikahamia kwenye kompyuta. Barua za ajabu zikaanza kumiminika. Huyu anauza dawa ya upara, yule ni mjane wa jenerali ambaye hajui aweke wapi mali yake. Mama Émérance akawajibu wote. Mjane alipewa pole na kuulizwa marehemu amezikwa wapi. Muuza dawa aliambiwa kwamba Papa Léopold, mumewe, bado ana nywele za kutosha, asante.

Pitchou, fundi aliyetengeneza tovuti ile, alishika kichwa.

"Maman Émérance, hao hawako bantu. Ni mashini. Inapita ku masite yote, ikiona adresi inaibeba. Na weye ukijibu, inajua humu ndani muko muntu, inaita zingine."

"Kumbe muntu akikusalimia, weye unanyamaza?"

"Tutoe adresi pale, maman."

"Hapana! Na Sabine?"

Hapo hata mimi, ninayependa kumtania, niliacha utani. Sabine ni mdogo wake. Mama yao alipofariki, Sabine alifika kutoka Kanada mazishi yameshapita, akakatiza katikati ya wazee na kuketi bila kumsalimu mtu. Mama Émérance akamkemea mbele ya matanga yote. Sabine akaondoka kesho yake, na kwa miaka sita hakupiga simu. Binamu yao wa huko Kanada alipompelekea namba ya dada yake, Sabine aliikataa, ila binamu huyo huyo alimfuma akitazama tovuti ya chama. Kwa hiyo anwani ile ndiyo mlango pekee uliobaki kati yao, na sasa takataka za watu wasiojulikana zilikuwa zimeuziba. Nilimwonea huruma kweli.

Pitchou akapata njia. Alimfungulia Mama Émérance anwani mpya, akaificha nyuma ya swali: "Ni samaki gani wa ziwa letu anayechomwa zaidi Uvira?" Ukijibu sawasawa, anwani inajitokeza. Mashine za kuiba anwani, alisema, hazijawahi kula mukeke.

Kweli, takataka zilikoma. Tatizo ni kwamba na watu walikoma. Wiki mbili hakuandika hata mteja mmoja, mpaka Papa Anastase, kiongozi wa kwaya yetu, alipobisha hodi akiwa amevimba kwa hasira.

"Jambo, Maman Émérance."

"Jambo sana, Papa Anastase. Batoto bameamuka?"

"Bameamuka. Maman, mashini yako inaniambia minye siko muntu!"

Ni kweli, Pitchou aliiagiza tovuti imjibu hivyo kila anayekosea. Tukamuuliza Papa Anastase alikuwa ameandika nini.

"Nimeandika muzuri! Jambo Maman Émérance, hapa ni Anastase, bibi anakusalimia, samaki ni mukeke, lakini sangala nayo iko muzuri."

Ndipo tulipoelewa. Mashine ilitaka neno moja tu, na Uvira nzima ilikuwa imeanza na jambo. Uvira nzima ilikuwa imefukuzwa kwenye ubinadamu. Nkeshimana wa Kiringye, mteja wa siku nyingi na Mkatoliki wa kweli, aliambiwa si mtu mara kadhaa, akaanza novena, sala za siku tisa.

Pitchou akaitwa arekebishe kazi yake. Kabla ya yote akafungua sanduku la anwani mpya, atuonyeshe kwamba ni tupu. Halikuwa tupu. Barua moja ilikuwa imefika asubuhi ile, ya mtu mmoja aliyeandika mukeke bila jambo wala habari za nyumbani, akapita.

"Nakuja mwezi wa nane. Utanipeleka ku kaburi ya mama. Sabine."

Mama Émérance alilia bila kujificha. Mimi pia nililia, na sioni aibu kusema.

Papa Anastase aliinama, akasoma na yeye. "Hata jambo hakuna?"

"Nyamaza, Papa Anastase," akasema Mama Émérance, ambaye hajawahi kumwambia mtu neno hilo.

Akavuta kompyuta. Tulijiweka sawa kusubiri, maana tulijua salamu za miaka sita zingejaza kurasa. Aliandika neno moja la kumwita mdogo wake, "Kuja", akatuma.