Mkate wa Udaga

Sokoni Bunda mama mmoja alifungua gunia la udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, na harufu yake kali ikanisimamisha pale pale.

Miaka ile ya utoto wangu ngano ilikuwa imepotea madukani. Kanisani kwetu, kijijini kando ya ziwa, mchungaji alitangaza kwamba hakutakuwa na Meza ya Bwana mpaka ngano ipatikane. Baba, mzee wa kanisa, akasimama. Alijua kusema, baba.

"Ndugu zangu, Bwana alimega kilichokuwa mezani. Mezani kwetu kuna nini? Si muhogo?"

Bibi, mama yake mzazi, alinung'unika kutoka benchi la mbele. "Muhogo tunakulaga kila siku, mwanangu. Huo utakuwaje mwili wa Bwana?"

"Mama, hata wanafunzi wa Bwana mkate walikuwa wanakulaga kila siku."

Kanisa zima likaitikia kwa furaha. Mchungaji alifuta machozi. Mimi nilimwangalia mama yangu, naye akainamisha kichwa, kwa sababu chini ya kitanda changu kulikuwa na magunia mawili ya unga wa ngano, ambayo baba aliyaficha akisubiri bei ipande.

Jumapili iliyofuata nilishiriki kwa mara ya kwanza, maana nilikuwa nimebatizwa karibuni. Baba mwenyewe alinishikia sahani ya mikate ya udaga.

"Mwili wa Bwana," alisema, akinikazia macho.

"Amina," nikajibu, kwa sauti kubwa kuliko wote.