Siku Niliyopanga Foleni ya Minjila

Haya nawasimulia nikiwa nimeinamisha uso, na kama si kwamba wengi wenu mlishayasikia kwa watu wengine, tena yakiwa yametiwa chumvi nyingi, ningekufa nayo moyoni. Hadi leo Garsen kuna watu wakiniona wananiita "Trafiki", na mimi huitika haraka, kwa sababu nikinuna wataanza kumweleza mgeni aliye karibu jina lenyewe lilitoka wapi.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Mvua zile kubwa za Elinino zilikuwa zimekwisha lakini maji bado yametanda bondeni, na barabara ya kutoka Garsen kwenda Minjila, ile iliyoinuliwa juu ya tuta kukatiza bonde, ilikuwa imemegwa na maji huku na huku hadi katikati ikabaki upana wa gari moja tu. Najua nyinyi mliozoea Mombasa mtacheka, ati foleni, Garsen? Lakini sikilizeni kwanza. Msafara wa magari ya Malindi ulikuwa ukiondoka Minjila saa mbili asubuhi, pamoja na askari wa kusindikiza kwa sababu ya majambazi njiani, na ukikosa msafara ni mpaka kesho. Basi kila alfajiri wote wenye magari, malori ya maembe, trekta, mabasi, Land Rover za kukodi, wanalikimbilia tuta lile kwa wakati mmoja, na wanaotoka Hola kuja sokoni Garsen nao wanaingia kutoka upande wa Minjila, wanakutana katikati uso kwa uso, hakuna anayekubali kurudi nyuma, honi, matusi, na ng'ombe wamejipenyeza humo humo. Haikupita wiki bila watu kuachwa.

Mimi nilikuwa karani wa kukata tiketi za basi, kijana wa miaka ishirini na sita, nimemaliza kidato cha nne na najiona nina akili kuliko barabara yenyewe. Nikasimama kwenye baraza la chifu nikaeleza dawa: kila gari lichukue kadi yenye namba siku moja kabla, wenye wagonjwa watangulie, na kila upande wa tuta asimame mtu mwenye bendera, magari kumi ya huku yapite, kisha kumi ya kule.

Chifu akanitazama akasema, "Haya, Komora, si umesema wewe? Basi fanya wewe."

Watu wakapiga makofi. (Makofi yale nayasikia hadi leo, na hayanifurahishi.)

Upande wa Minjila nilimweka rafiki yangu Gona, Mgiriama muuza mahindi ya kuchoma, mtu mwaminifu sana. Kwa kuwa kutoka kwake huwezi kuona kwangu na simu hatukuwa nazo, tulipatana kwa saa za mkononi: nusu saa yangu, nusu saa yake. Na siku nne mambo yalikwenda sawa jamani, msifikiri nasema uongo, siku nne hakuna gari lililokosa msafara, nikaanza kutembea nimetanua mabega, nikanunua na filimbi.

Siku ya tano kadi namba moja ilikuwa ya Mzee Barisa, Muorma mfugaji, aliyekodi Land Rover kumpeleka mkewe Malindi. Mke huyu, Mama Habiba, jicho moja lilikuwa limeshakufa na la pili linafifia, na madaktari wa macho waliokuja kutoka mbali walikuwa wanafunga kazi siku hiyo hiyo. Haya yote niliyajua. Kadi niliiandika kwa mkono wangu, nikamwambia mzee, "Wewe ndiye wa kwanza, usiwe na wasiwasi."

Sasa hapo hapo, kabla sijainua bendera, likaja lori la Mzee Buya, limejaa maembe hadi limeinama. Mzee Buya ni nani? Ni baba yake Zainabu. Na Zainabu ni nani, hilo nalo mnataka niseme? Nyumbani kwetu walikuwa wameshapeleka posa, na jibu lilikuwa bado halijatoka. Mzee akashuka, kadi mkononi, akaisogeza mbele ya pua yangu.

"Komora mwanangu," akasema, "namba kumi na moja? Mimi?"

Lile neno "mwanangu" ndilo lililonimaliza. Hajawahi kuniita hivyo. Na Zainabu mwenyewe yuko pale juu, amekaa karibu na dereva, ananitazama kwa lile tabasamu la pembeni. Nikajiambia, gari moja tu likitangulia kuna ubaya gani, dakika tano, Land Rover itafuata nyuma yake. Nikamwashiria dereva wa Land Rover asubiri kidogo, nikapuliza filimbi, nikamwinulia Mzee Buya bendera kana kwamba ni gavana anapita.

Lori likaingia. Lile ni lori la kubeba tani saba, siku ile limebeba sijui ngapi, na lilipofika pale katikati palipo pembamba, ukingo ukamomonyoka kwa uzito mara moja, gurudumu la nyuma likazama, lori likalala upande na kusimama hivyo, limeziba njia yote. Land Rover ilikuwa nyuma yake, na magari mengine nyuma ya Land Rover.

Hapo bado kulikuwa na nafasi ya kuokoa. Ningebaki pale pale na bendera yangu, nikazuia watu. Lakini Zainabu alipiga ukelele, nami nikatupa bendera nikakimbia tutani. Waliobaki nyuma wakaona mlinzi hayupo, wakaingia wote. Na Gona naye, mwaminifu, akatazama saa yake, nusu saa imekwisha, akaachilia watu wake. Wakaja kumi, na nyuma ya wale kumi kundi la ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe basi la Hola. Kufikia saa moja na robo tuta lote lilikuwa limezibwa kama chupa kwa kifuniko, na magari yamebanana hata mlango hufungui.

Nifanye nini? Nikapanda juu ya shehena ya lori ili watu wote wanione, nikapuliza filimbi kwa nguvu zangu zote, nikanyoosha mkono kama trafiki niliowaona Mombasa, nikapiga kelele, "Sikilizeni! Wa upande wa Minjila warudi nyuma mmoja mmoja!" Sikumaliza. Nilikanyaga embe, embe likateleza na mimi nikateleza nalo, nikatoka juu ya lori mzima mzima nikaangukia bondeni, kwenye tope, kichwa kwanza. Nilipoibuka, shati langu jeupe halina weupe, kiatu kimoja hakipo, na mdomoni nina majani. Watu walicheka, wallahi, hata ng'ombe walitulia. Zainabu alicheka mpaka akafunika uso. Baba yake hakucheka. Alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Huyu ndiye aliyenileta mbele hapa. Mimi nilikuwa na namba yangu kumi na moja."

Kicheko kikaisha pole pole. Nilipopanda tena barabarani, Mzee Barisa alikuwa ananisubiri, amemshika mkewe mkono.

"Kijana," akaniuliza, "mimi kadi yangu ilikuwa namba ngapi?"

"Moja, mzee."

"Na hii lori nani alipitisha mbele yangu?"

Nilitaka tope lile linirudishe. "Mimi, mzee."

Hakugomba, na laiti angegomba. Akatazama jua, akasema, "Basi shika mama mkono ule mwingine. Tutatembea."

Tukatembea, watatu, tukijibana kati ya magari, mimi na kiatu kimoja, watu wakitupisha. Mama Habiba alikuwa akigusa kila gari kwa kiganja tunapopita.

"Haya yote ni magari?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Wote wanataka Malindi?"

"Wengi wao, mama."

"Basi si sisi peke yetu," akasema, kama ananituliza mimi, na hapo ndipo machozi yalinitoka.

Tulikuwa bado hatujafika tuliposikia honi ya gari la askari, ile ndefu ya kuondoka. Nilimwacha mama kwa mumewe nikakimbia, nikapunga mkono, nikaita. Nilipofika Minjila nikamkuta mama muuza chai anafuta vikombe. "Wameondoka sasa hivi," akasema. Nikamwendea dereva wa pikapu aliyebaki pale, nikamsihi awapeleke bila msafara. Akanijibu, "Ndugu yangu, nikafe kwa sababu ya jicho?" Sikumlaumu. Majambazi walikuwepo kweli.

Kesho yake walikwenda na msafara, wakakuta chumba kimefungwa na madaktari wameshaondoka. Kabla ya mvua nyingine Mama Habiba alikuwa haoni tena kabisa.

Maembe ya Mzee Buya yaliozea tutani. Posa ilirudishwa bila maneno mengi, na Zainabu akaolewa Hola na mwalimu. Baadaye walikuja watu wa barabara na kokoto, wakapanua lile tuta, magari ya mizigo yakapangiwa saa za mchana, na foleni ikaisha yenyewe bila kadi yoyote. Hivyo tu. Upana na saa tofauti. Sikuwa nimefikiria hata moja, nilifikiria bendera.

Nilikwenda bomani kwa Mzee Barisa kuomba radhi, miezi ilikuwa imeshapita. Mama Habiba alinikaribisha, akanipa maziwa, akaulizia wazazi wangu mmoja mmoja. Mzee alisema, "Imekwisha," na akatoka kwenda kwa ng'ombe wake. Sikujua kama alimaanisha hasira imekwisha au jicho. Nilikunywa maziwa yale yote nikiwa nimekaa mbele ya mtu asiyeniona.

Tangu hapo sijamtanguliza mtu mbele ya mwenziwe, awe mkubwa, awe ndugu, aniite mwanawe mara mia. Wakinitaka nipange watu msikitini, harusini, kwenye kura, nakataa. Naenda mwisho wa mstari, nasimama hapo, na aliye mbele yangu namwacha mbele.